Yeni Milioni 200 za Choo Hazikuwa Nyingi

Mapema mwaka 2024 Wajapani waligombana kuhusu choo. Maonesho ya Dunia ya Osaka yalikuwa bado zaidi ya mwaka mmoja kufunguliwa, na habari zikatoka kwamba baadhi ya vyoo vya umma vilivyopangwa kujengwa uwanjani vingegharimu takriban yeni milioni 200 kimoja, yaani zaidi ya dola milioni moja za Marekani. Jambo likafika bungeni. Waziri wa maonesho akabanwa kwa maswali, vyombo vya habari vikabandika jina la "choo cha milioni 200", na Takashi Yonezawa, msanifu majengo kijana ambaye kazi yake ndiyo iliyobebeshwa jina hilo, akawa anajieleza hadharani mara kwa mara kwamba anachojenga si kibanda cha matundu mawili pembeni ya bustani. Waandaaji nao wakajibu kuwa ni majengo yenye makumi ya matundu, na kwamba ukigawa bei kwa mita za mraba hayazidi vyoo vingine vya umma nchini humo.

Nimezifuatilia hoja za pande zote mbili na msimamo wangu ni huu: fedha ile haikuwa nyingi. Waliokasirika walilikasirikia jengo lisilostahili hasira, na kwa kutazama bei na sura yake tu wakaacha kuuliza maswali ambayo choo chochote cha umma kinapaswa kuulizwa.

Chukua jengo lililotawala picha zote za maonesho yale, Pete Kuu ya msanifu Sou Fujimoto. Ni duara la mbao lenye mzunguko wa kilomita 2, upana wa mita 30, kimo cha mita 12 upande wa ndani na mita 20 upande wa nje, na Machi 2025 Guinness iliitambua kuwa jengo kubwa kuliko yote ya mbao duniani. Nguzo na mihimili yake imepangwa kwa ufundi wa kale unaoitwa nuki: mhimili unapenyezwa katika tundu lililotobolewa kwenye nguzo, kisha unakazwa kwa kabari. Hekalu la Kiyomizu kule Kyoto limesimama mlimani kwa ufundi huo huo. Osaka waliongeza chuma kwenye viungo ili jengo lihimili matetemeko, na hilo liliwaudhi wanaopenda mambo ya asili, lakini mimi sioni kosa. Mierezi na misonobari ya Japani ilichanganywa na mbao zilizotoka Finland. Chini ya pete kulikuwa na kivuli kwa maelfu ya watu, juu yake kulikuwa na njia ya kutembea ukiwa na bahari upande mmoja na mabanda ya dunia nzima upande wa pili. Ni kazi nzuri sana, na nasema hivyo bila kusitasita. Iligharimu yeni bilioni 34.4. Kwa fedha hizo ungejenga zaidi ya vyoo 170 vya milioni 200.

Sitaki kusema pete isingejengwa. Ninachosema ni kwamba mgeni aliweza kuja Osaka, akatembelea mabanda matano, akala, akarudi nyumbani bila kupanda juu ya pete. Hakuna aliyekaa pale siku nzima bila kwenda msalani. Maonesho yalidumu siku 184, kuanzia Aprili 13 hadi Oktoba 13, 2025, na yakapokea wageni zaidi ya milioni 25, ambao ni wastani wa zaidi ya watu 135,000 kwa siku. Ongeza watoto, wazee, wajawazito, watu wa viti vya magurudumu, joto la Agosti la Osaka linalomfanya kila mtu anywe maji chupa kwa chupa. Jengo pekee ambalo wote hao walilitumia, na wengi wao zaidi ya mara moja, ni choo. Kama kuna jengo linalostahili msanifu mwenye akili na bajeti ya kutosha, ni hilo.

Waandaaji walilielewa hili, na ndilo jambo ninalowasifia zaidi. Mwaka 2022 walichagua makundi 20 ya wasanifu vijana ili wachore majengo madogo ya uwanjani: sehemu za kupumzikia, studio, majukwaa, na vyoo vinane. Kwa kawaida choo humwangukia mchoraji wa mwisho ofisini, anayepewa kona iliyobaki karibu na ngazi. Hapa kilipewa watu waliokuwa wakitafuta kujijengea jina, nao walikishughulikia kama kazi ya maisha yao.

Historia ya maonesho haya inawaunga mkono. Maonesho makubwa ya kwanza, yale ya London mwaka 1851, yanakumbukwa kwa jumba la chuma na kioo la Joseph Paxton kule Hyde Park. Ndani ya jumba hilo fundi mmoja, George Jennings, aliweka vyoo vya kuvuta maji kwa ajili ya umma, na watu 827,280 walilipa peni moja kila mmoja kuvitumia. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuona choo cha maji maishani mwao. Maonesho yalipokwisha na jumba likahamishiwa Sydenham, wakubwa walitaka vyoo viachwe, kwa kuwa hawakuona kwa nini mtu asafiri hadi huko kwa ajili ya kujisaidia. Jennings akashikilia vibaki, na vikaingiza mapato mazuri kila mwaka. Jumba la Paxton liliteketea kwa moto mwaka 1936. Choo cha kulipia kipo hadi leo, na kila anayepanda basi kwenye stendi zetu anajua bei yake.

Hadithi hiyo ilijirudia Osaka yenyewe, mara ya kwanza ilipoandaa maonesho, mwaka 1970. Msanifu Kenzo Tange alitandika paa la mabomba ya chuma lenye urefu wa mita 292 na upana wa mita 108 juu ya uwanja, na msanii Taro Okamoto akalitoboa kwa mnara wake wa jua wenye kimo cha takriban mita 70. Wageni zaidi ya milioni 64 walifika. Katika banda la kampuni ya Sanyo walipanga foleni kutazama mashine ya kuogesha binadamu: unaingia ndani ya kitu mfano wa yai, maji ya moto yanakuja, kisha mapovu yanayotengenezwa kwa mawimbi ya sauti, kisha mipira ya kukanda mwili, mwisho hewa ya kukukausha. Magazeti yaliandika kwamba huo ndio mustakabali. Mwaka 2025 mashine ya aina hiyo ililetwa tena katika banda la afya la Osaka, imeboreshwa, bado inaitwa mustakabali.

Hebu tazama hali ya majumbani mwaka ule wa 1970. Takriban watu 16 tu katika kila 100 nchini Japani walikuwa wameunganishwa na mfumo wa majitaka. Wengine walikuwa na mashimo, na magari ya kunyonya yalipita mtaani na bomba lake refu, harufu ikitangulia. Nchi iliyokuwa na treni ya mwendokasi tangu 1964, na iliyoonesha dunia mashine ya kuogesha mtu, ilikuwa bado inahesabu siku za kutapisha choo. Kabla yake, katika zama za Edo (1603 hadi 1868), kinyesi cha mjini kilikuwa mali kabisa: wakulima walikinunua kwa mbolea, wenye nyumba za kupangisha walikihesabu katika mapato yao, na ugomvi ulizuka juu ya nani ana haki ya kukiuza. Mbolea za viwandani na msongamano wa miji vikaiua biashara hiyo, na kilichokuwa mali kikageuka mzigo.

Kilichoibadilisha Japani hakikuwa ndani ya banda lolote. Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1970, wananchi wakiwa wamechoshwa na magonjwa ya uchafuzi wa viwanda kama yale ya Minamata, bunge lilikaa katika kikao kilichokuja kuitwa bunge la uchafuzi, likapitisha sheria 14 za mazingira. Miongoni mwake ilikuwa sheria ya kuzuia uchafuzi wa maji na marekebisho ya sheria ya majitaka. Hapo ndipo mabomba yakaanza kuchimbiwa kwa kasi mwaka baada ya mwaka, na kwa vijiji na pembezoni ambako bomba lisingefika kwa bei ya maana, yakaenea matangi ya nyumbani yanayosafisha majitaka pale pale uani, wanayoyaita johkasou. Katika muongo huo choo cha kukaa kikakipita cha kuchuchumaa kwa mauzo. Siioni kampuni wala msanifu anayeweza kudai sifa hiyo peke yake. Ilikuwa kazi ya sheria, kodi, wahandisi wa manispaa na muda mrefu.

Juu ya msingi huo ndipo kikaja kifaa ambacho dunia inakifahamu zaidi. Kampuni ya TOTO, iliyoanzishwa mwaka 1917 katika mji wa Kokura, ilikuwa ikiagiza kutoka Marekani tangu 1964 kiti cha choo kinachorusha maji, kilichokusudiwa wagonjwa. Kilikuwa na matatizo. Joto la maji halikutabirika, na maji yenyewe hayakulenga. Wahandisi wakaamua kuunda cha kwao. Swali la kwanza lilikuwa jepesi na la aibu: maji yaelekezwe wapi hasa? Hakuna kitabu kilichokuwa na jibu. Wakatandaza waya juu ya kiti cha choo, wakawaomba wafanyakazi wenzao wakae na kuweka alama mahali husika. Wengi walikataa mwanzoni, hasa wanawake. Mwishowe zaidi ya 300 walikubali, na vipimo hivyo ndivyo vilivyoamua mrija utokeze wapi. Pembe ikawekwa kwenye nyuzi 43, joto la maji likawekwa nyuzi 38.

Likabaki tatizo la umeme. Saketi za kuchunga joto zilikuwa karibu na maji, na maji na umeme havikai pamoja. Simulizi inayorudiwa ndani ya kampuni ni kwamba mhandisi mmoja alikuwa barabarani siku ya mvua, akaitazama taa ya kuongozea magari ikiwaka bila shida huku imelowa chapachapa. Wakaenda kuwauliza watengenezaji wa taa hizo, wakafundishwa namna ya kuifunika saketi kwa utomvu wa plastiki. Kiti hicho, kilichopewa jina la Washlet, kikaingia sokoni Juni 1980. Kufikia 2022 vilikuwa vimeuzwa zaidi ya milioni 60, na kaya takriban 80 katika kila 100 za Japani zina choo cha aina hiyo, cha TOTO au cha washindani wake kama INAX.

Msomaji wa pwani anaweza kuuliza, na ana haki: yaani Wajapani waligundua mwaka 1980 kwamba watu hujisafisha kwa maji? Mababu zetu hawakusubiri. Magofu ya nyumba za mawe za Gede, ambazo zilikaliwa karne nyingi zilizopita, yana vyoo ndani ya nyumba, na mahali pa kuchambia pamejengwa kando yake. Katika nyumba za zamani za Lamu chooni kuna birika la kujengwa kwa chokaa, limejaa maji, na sakafuni mwake imezamishwa sahani ya kauri kutoka China. Ndani ya birika waliogelea samaki wadogo ambao kazi yao ni kula viluwiluwi vya mbu. Yaani mwashi wa Lamu alifikiria usafi, maradhi na urembo katika kona moja ya nyumba, bila umeme wala nembo ya kampuni. Kopo la plastiki tunalolikuta leo kwenye vyoo vya ofisi, limepasuka mdomo, linasimama mahali pa birika lile. Sijui msanifu wetu gani wa leo amekaa akachora mrithi wake.

Nirudi Osaka, kwenye vyoo vyenyewe, maana vinastahili kutazamwa kwa karibu.

Cha Yonezawa kilikuwa mkusanyiko wa maboksi ya rangi yaliyorundikwa mfano wa matofali ya watoto ya kuchezea. Wapinzani walicheka rangi zake. Hawakusoma sababu yake: kila boksi lilisanifiwa liweze kung'olewa, kupakiwa na kupelekwa mahali pengine, likawe choo cha bustani baada ya maonesho kufungwa. Zabuni na michoro ilipitiwa upya, na gharama ikashuka chini ya milioni 200 zilizopigiwa kelele. Kwa jengo linalotakiwa kuishi miezi sita tu, sioni swali muhimu kuliko hilo: baada ya hapo linakwenda wapi? Pete Kuu yenyewe haikuwa na jibu wakati inajengwa. Ubishi uliendelea hadi maonesho yakiwa yamefunguliwa, ndipo ikaamuliwa kipande cha takriban mita 200 upande wa kaskazini mashariki kibaki, na sehemu iliyobaki ibomolewe, baadhi ya mbao zikiahidiwa mji wa Suzu kujengea makazi ya waathirika wa tetemeko la ardhi la rasi ya Noto.

Choo kingine kilinishangaza zaidi, cha kundi la wasanifu watatu vijana walioegemeza paa lao juu ya mawe makubwa ya kale. Mawe hayo yalichongwa miaka 400 iliyopita kwa ajili ya kuijenga upya ngome ya Osaka, pale ukoo wa Tokugawa ulipoichukua baada ya kuwaangusha mahasimu wao, ukoo wa Toyotomi, mwaka 1615. Yalipasuliwa mlimani, yakashushwa hadi kando ya mto Kizu, kisha hayakusafirishwa. Ngome ikakamilika bila hayo. Wajapani huyaita zannen-ishi, mawe ya masikitiko, yaliyokosa safari. Ubavuni mwake bado kuna safu ya matundu ya kabari, alama za waliokuwa wakiyapasua. Wasanifu waliyaomba kwa mji unaoyatunza, wakayasimamisha yawe nguzo, wakijitahidi kutoyatoboa ovyo, wakaahidi kuyarudisha. Watu wa urithi walipinga, na hoja yao ina uzito: kitu cha kale si kifaa cha maonesho. Lakini mimi nimelitafakari jambo hili na naona mawe yale hatimaye yalifika Osaka kwa kazi ya heshima. Mzee aliyeweka mkono kwenye alama ya kabari akisubiri mkewe atoke msalani aligusa historia kwa namna ambayo kioo cha makumbusho hakiruhusu.

Sasa yale ambayo wakosoaji walipaswa kuyauliza.

Yumeshima, kisiwa kilichobeba maonesho, ni cha kutengenezwa, na sehemu yake ya magharibi imejazwa taka. Taka zinazooza hutoa gesi ya methani. Machi 28, 2024, cheche za uchomeleaji ziliiwasha gesi iliyojikusanya chini ya jengo lililokuwa likijengwa huko magharibi, sakafu ya zege ikafumuka. Hakuna aliyeumia. Jengo hilo lilikuwa choo. Wiki chache tu zilikuwa zimepita tangu nchi nzima ipige kelele kuhusu bei na rangi za vyoo, na hatari yenyewe ilikuwa imelala chini ya sakafu, ambako hakuna mpiga picha anayeelekeza kamera. Baadaye waandaaji waliongeza uingizaji hewa na vipimo vya gesi. Bado methani ilipatikana tena uwanjani Aprili 2025, siku chache kabla ya kufungua mageti.

Choo ni jengo ambalo nusu yake iko ardhini. Msanifu anaweza kukupa ukuta wa kupendeza, mwanga wa asili na sabuni yenye harufu nzuri, lakini kama bomba ni jembamba, kama tanki ni dogo, kama fundi hajaitwa tangu mwaka jana, utapata kufuli na karatasi iliyoandikwa "kimeharibika". Nusu nyingine iko kwenye ratiba ya mwenye ufagio. Mtaa wa Shibuya, Tokyo, kati ya 2020 na 2023, ulijengewa vyoo 17 vya umma na wasanifu wakubwa, Tadao Ando, Kengo Kuma na Fumihiko Maki wakiwemo, kwa fedha za taasisi ya Nippon. Picha iliyozunguka dunia ni ya vyoo vya Shigeru Ban vyenye kuta za kioo cha rangi: ukiwa nje unaona ndani kama ni pasafi na kama hakuna mtu aliyejificha, ukiingia na kufunga mlango kioo kinageuka ukungu. Kizuri. Ila kilichonivutia katika mradi ule ni kitu kisichopigwa picha sana. Ratiba ya usafi wa mara kadhaa kwa siku ilipangwa tangu mwanzo na kutengewa fedha, na wasafishaji wakashonewa sare na NIGO, mbunifu mwenye jina katika mitindo. Mwenye kudeki alihesabiwa kuwa sehemu ya usanifu.

Kuna pia suala la foleni. Ukigawa eneo la choo nusu kwa nusu kati ya wanaume na wanawake, umewapunja wanawake hata kabla ya kuanza, kwa sababu sehemu za kukojolea za wanaume huchukua nafasi ndogo, hivyo katika mita zile zile wanaume wanapata nafasi nyingi zaidi. Juu ya hapo, mwanamke anahitaji muda mrefu, anakuja na mtoto, yuko katika hedhi, ana nguo za kupanga upya. Usawa wa mita za mraba ni dhuluma iliyochorwa kwa rula. Osaka walijaribu kupanga upya njia za kuingia na kutoka na kuweka baadhi ya matundu yasiyobagua jinsia, na si kila jaribio lilipokelewa vizuri. Choo cha watoto wachanga kilichokosa vizuizi kati ya kiti na kiti kiliwaudhi wazazi wengi, na kwa maoni yangu wazazi walikuwa sahihi. Mtoto naye ana staha yake. Lakini hayo ni makosa ya watu waliokuwa wakifikiria. Nayaheshimu kuliko usahihi wa choo kilichonakiliwa kutoka mchoro wa miaka 40 iliyopita.

Hadi hapa mtu wa kwetu anaweza kudhani haya ni mambo ya matajiri. Basi atazame kinachouzwa na kampuni ya Wajapani hao hao kwa ajili ya shimo la kawaida. LIXIL, kampuni inayomiliki INAX, ndiyo inayouza sinki la plastiki liitwalo SATO, ambalo lilibuniwa kwanza na kampuni ya Marekani ya American Standard, kabla LIXIL haijainunua, kwa ajili ya Bangladesh kwa msaada wa taasisi ya Gates, na sasa linauzwa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Liangalie likiwa mkononi kwa fundi. Chini ya tundu kuna kifuniko kidogo chenye uzito upande mmoja. Ukimwaga maji kidogo, yasiyofika lita moja, kifuniko kinainama, mzigo unapita, kisha uzito unakirudisha juu na maji machache yanabaki yameziba upenyo. Inzi hatoki, harufu haipandi, mtoto haogopi kutumbukia. Hakina umeme wala kemikali, na fundi wa mtaani anakifunga kwa saruji siku hiyo hiyo. Kwangu mimi huo ni usanifu wa kiwango cha juu kuliko kiti chenye vitufe 12, na ungestahili banda lake mwenyewe pale Yumeshima, katikati kabisa ya pete.

Pembeni niseme pia kwamba banda la Bahrain, lililochorwa na Lina Ghotmeh kwa mfano wa jahazi linaloundwa, mataruma yote yakiwa wazi, lingemfanya fundi wa vyombo wa Lamu ajisikie yuko nyumbani. Tunayo mengi ya kuonesha katika mikusanyiko hii zaidi ya vinyago na kahawa.

Na tunao mfano wetu. Nairobi, takriban mwaka 2008, msanifu majengo David Kuria alianzisha vyoo vya Iko Toilet katikati ya jiji, akaviweka pamoja na kibanda cha kung'arisha viatu na cha kuuzia magazeti, ili mahali penye sifa mbaya pawe na watu na biashara mchana kutwa. Lilikuwa wazo la kisanifu kabisa, kutoka kwa mtu aliyejua jiji lake. Tanzania ilikuwa na kampeni ya "Usichukulie Poa, Nyumba ni Choo", iliyowafanya watu wazungumze hadharani jambo walilolinong'ona. Lakini mvua za masika zinapoanza Dar es Salaam bado kuna mitaa inayofungulia vyoo vyake mitaroni, kila mwenye nyumba akimtapishia jirani, kwa sababu gari la kunyonya halipiti uchochoroni au bei yake haishikiki. Japani ya 1970 ilikuwa hapo hapo, na ilitoka kwa sheria na mabomba.

Mwaka 2027 Kenya, Tanzania na Uganda zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Viwanja vinajengwa, kile cha Arusha kikiwa na viti 30,000, na tumeshaoneshwa picha za mapaa, taa na nyasi kutoka kila pembe. Mimi ningeomba wizara za nchi zote tatu zitangaze pamoja na picha hizo mambo manne: kila kiwanja kina matundu mangapi ya wanawake, majitaka yake yanakwenda kwenye bomba au tanki la ukubwa gani, mkataba wa usafi na matengenezo ni wa miaka mingapi na umetengewa kiasi gani baada ya fainali, na ni nani, kwa jina na taaluma, aliyevisanifu vyoo. Kama jibu la hilo la nne ni kwamba vilijichora vyenyewe kwenye nafasi iliyobaki chini ya jukwaa, muda wa kumtafuta mtu bado upo.